Siku Niliyowatoa Wageni Korongoni

Vijana wangu mnaovaa zile fulana za kijani zilizoandikwa "Guide" mgongoni, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Magoti ndiyo yamesahau kupanda. Kichwa kiko sawa. Siku hizi nakaa Nakuru kwa binti yangu Njeri, na si kule Milimani kwenye maua, ni huku chini kwa watu wa kawaida. Lakini nikisimama kwenye ngazi za ploti, hili jengo letu la kupanga, naona ukingo wa kreta ya Menengai, na kila asubuhi nauangalia kama mtu anayepita mbele ya ofisi yake ya zamani.

Nilizaliwa Longonot, pale senta, reli ikiwa mbele ya nyumba na mlima ukiwa nyuma. Miaka yangu ya kazi nimepeleka wageni wa mabegi: wale vijana wanaolala hosteli za Naivasha, wanaobeba nyumba nzima mgongoni, wanaotaka kuona kila kitu kwa siku moja na jioni bado wawe na nguvu za kucheza muziki. Leo mlima, kesho korongo, keshokutwa ziwa. Wenye pesa zao hutazama twiga kupitia dirisha la gari. Hawa wangu walitembea, na anayetembea anamhitaji mwongozaji kuliko anayekaa. Nimewapeleka Wajerumani, Wakorea na Wabrazili, na miaka ya karibuni watoto wetu wenyewe wa Nairobi na Kisumu. Hao nawapenda kuliko wote, kwa sababu wananibishia kwa lugha ninayoielewa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kariuki, Mungu amlaze pema. Alikuwa amechunga ng'ombe kwenye shamba moja la mzungu huko nyuma, halafu akaanza kuchunga watu, na alikuwa akisema tofauti ni ndogo ila ng'ombe hawapigi picha. Nilipokuja kuomba kazi, wanaume waongozaji pale geti la hifadhi walisema mwanamke atafika mwinuko wa kwanza atafute mahali pa kukaa. Mzee Kariuki hakubishana nao. Aliniambia tu, "Wambui, wewe usitembee mbele. Mbele weka yule anayechoka haraka."

Hilo, vijana, ndilo somo la kwanza, na bado naona mnalikosea. Nawaona mkitangulia na vifua mbele, wageni wenye miguu mirefu wakiwafuata, na yule dada mnene akibaki nyuma na aibu yake. Mkimngojea, akifika tu mnaondoka, kwa hiyo wote wamepumzika isipokuwa yeye. Muweke mbele. Mwambie yeye ndiye anayetuonyesha mwendo. Atanyooka mgongo, atajikaza, na wale wenye haraka watajifunza kuangalia maua. Mimi nimefikisha kileleni watu ambao hata wenyewe hawakuamini, na sikuwabeba. Niliwapanga.

Somo la pili linahusu ule ugonjwa wetu wa upole. Sisi watu wa bonde, mgeni akiuliza kumebaki umbali gani, tunamwambia ni hapo tu. Hatuna nia mbaya. Tunamwonea huruma, tunataka kumpa moyo. Mwenzangu mmoja, Njoroge, alimpandisha Longonot mama mmoja Mjerumani mwenye miaka yake, na kila alipouliza akajibiwa ni hapo tu. Alipofika kwenye ukingo wa kreta akaona kilele bado kiko ng'ambo kule, mama wa watu alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa ameshajifunza maneno yenyewe. Akasema yeye hasongi tena, atangoja "hapo tu" imfuate pale alipo. Njoroge alimbembeleza kwa chai ya thermos, kwa ndizi, kwa wimbo, na mama akawa anakunywa, anakula, anapiga makofi, na hasimami. Tulicheka mpaka jioni, lakini nilijiwekea sheria: mgeni wangu akiuliza, ataambiwa ukweli, hata kama ni mchungu. Kama ni mbali, ni mbali. Kama sijui, sijui.

Mengine ni madogo lakini shikeni. Kabla ya kushuka mteremko, simamisha kila mtu afungue kamba za viatu na kuzifunga upya, kwa nguvu, kisigino kikiwa nyuma kabisa. Usipofanya hivyo kucha za vidole gumba zitaomboleza wiki nzima na jina lako litatajwa. Begi la chakula liwe na ngwaci, yaani viazi vitamu, na mayai ya kuchemsha, si biskuti. Biskuti inataka maji na maji ndiyo hayatoshi. Nyani akija usifiche kitu mgongoni, maana ukificha anajua unacho. Mwonyeshe viganja vitupu na umtazame pembeni. Na ukungu ukiwakuta pale juu ya Menengai, kaeni chini nyote mahali mlipo mpige hadithi. Ukungu hauna haraka, na ukingo wa kreta hausogei kumpisha mtu.

Ramani ya kwenye simu nayo msiidharau. Zamani tulisimama kwenye njia panda na kibao kilichoandikwa kwa rangi, tukingoja mgeni ashuke kwenye gari akiwa amepotea. Siku hizi mgeni anafika anajua mpaka jina la kona. Ni vizuri. Simu imetuondolea kazi ya kuonyesha njia na kutuachia kazi yenyewe, ambayo ni kujua ni lini njia haifai kupitiwa.

Sasa niwape siku ninayoringia kuliko zote. Mnadhani ni ile ya yule msichana kipofu wa Brazil niliyezunguka naye ukingo wote wa Longonot, au siku nilipomfukuza nyati kwa mwavuli. Zile zilikuwa nzuri, ndiyo, na ile ya nyati nitawasimulia mkija kunisalimia. Lakini siku yangu ni ile ya korongo, ambayo wengi wenu mnaijua kwa kunichekelea.

Korongo la Ol Njorowa mnalijua. Kuta zimesimama pande mbili, chini pembamba, maji ya moto yanachuruzika ukutani. Ni pazuri mno, na pameua watu. Mzee Kariuki alikuwa na neno lake: korongo halinyeshewi, korongo huletewa. Mvua inanyesha mbali, kwenye vilima ambavyo huvioni ukiwa mle ndani. Juu yako ni jua na anga la buluu, na maji yako njiani. Yakifika hayabishi hodi. Kwa hiyo pale kuna hesabu moja tu ya kazi: walioingia wote watoke.

Kwa sababu hiyo sisi wa zamani tulikuwa na mapatano na wachungaji wa kule juu. Kabla ya simu waliwasha nyasi mbichi kilimani tukaona moshi. Simu zilipokuja, tukakubaliana wa-flash. Mchungaji akiona mvua inashika kule juu, anapiga, simu inalia mara moja, anakata. Hakuna kupokea, hakuna maswali. Nasi tulipopita kwao tuliwaachia chumvi ya ng'ombe, sukari na majani ya chai. Mchungaji wangu alikuwa Lemayian, kijana wa Kimaasai mrefu, mpole, asiyesema maneno mawili ikiwa moja latosha. Simu yake ikilia nikiwa korongoni, natoka. Na ndani ya korongo hatujadiliani. Tunajadiliana tukiwa juu.

Siku hiyo nilikuwa na wageni watano. Watatu walikuwa wazungu wa hosteli, watulivu. Wawili walikuwa wetu, Brian na Sharon wa Nairobi, wamemaliza chuo juzi, wanazunguka bonde na mabegi kabla kazi hazijawafunga. Asubuhi pale tulipokodi baiskeli, Brian alinivuta kando akafungua soksi moja iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na pete.

"Mathe, hii ni siri yetu," alininong'oneza, akiniita mama kwa lugha yao ya mjini. "Kuna ile place maji moto inadondoka kwa wall. Hapo ndio nataka kumuuliza. Nime-plan hii kitu tangu mwaka jana. Kesho tunatoka, so lazima iwe leo."

Nilimwambia nitawapanga wengine watangulie kona moja ili wabaki wawili. Nilifurahi, sitaficha. Mtu akikuchagua uwe shahidi wa jambo kama hilo, unajiona mzazi. Tuliendesha baiskeli katikati ya pundamilia, tukashuka korongoni, na Sharon nikamweka mbele kwa sababu aliogopa mawe yanayoteleza. Alikuwa akishuka huku anajicheka mwenyewe. Brian alikuwa nyuma yake, kila mara akijigusa mfukoni. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na wingu.

Tulipofika ile kona ambapo mtandao unashika kwa mara ya mwisho, simu yangu ikalia mara moja ikakatika. Nilitazama. Lemayian.

Niliwaambia tunatoka. Sikupaza sauti, kwa sababu sauti ikipanda miguu hutetemeka. Niliwaambia tugeuke, tupande ile njia ya kupandia kwa kamba iliyo karibu, aliyekuwa mbele awe mbele tena. Wale wazungu walitazamana wakageuka. Brian alibaki amesimama. Mahali pake palikuwa mbele kidogo tu, sauti ya maji tuliisikia.

"Mathe, check hiyo sky," alisema. "Hakuna hata wingu. Nipe five minutes tu. Unajua vile nimekuambia asubuhi."

Nilijua. Na ndiyo maana nawasimulia ninyi, kwa sababu siku moja nanyi mtasimama pale mkijua hivyo hivyo. Kumgeuza mgeni usiyejua anataka nini ni rahisi. Huyu nilijua kilicho kwenye soksi. Moyo uliniuma kweli. Nilitamani kumpa hizo dakika zake, nilitamani kuona uso wa Sharon.

"Brian, tunatoka," nilimwambia. "Ukitaka kunitukana, nitukane tukipanda."

Alipanda. Hakunitukana, ila alinyamaza kwa namna ambayo ni afadhali matusi. Sharon hakuelewa kwa nini ameudhika hivyo, akawa ananiangalia mimi, anamwangalia yeye. Nilihesabu vichwa tulipofika juu, wote watano, nikawaketisha kwenye kivuli na kuwagawia ngwaci.

Tukiwa pale akapita Dennis, kijana wa geti letu, mwepesi wa miguu na mdomo, na wageni wake wanne wakielekea kushuka. Nilimwita nikamwambia nimepata flash. Alitazama juu, akanitazama, akatabasamu.

"Mathe, hiyo ni teknolojia ya kitambo," alisema. "Sisi tunaingia na kutoka fasta. Mimi sijapata flash ya mtu."

Nilimsihi. Nilimshika hata mkono wa fulana. Akaniambia nisijali, akashuka na watu wake, na sauti zao zikapotea mle chini. Brian aliyaona yote hayo.

Niwaambie nilivyokaa pale juu. Wengine mnadhani nilitaka maji yaje, ili nionekane nilikuwa sahihi. Niliketi kwenye ukingo, nimekaza macho kule korongo linapotokea, na niliomba nionekane mjinga. Niliomba kwa Kikuyu, ndiyo lugha ninayoombea nikiogopa. Ee Mungu, nifanye kichekesho leo. Wacha Dennis atoke akinicheka. Wageni wangu waliona midomo yangu ikichezacheza wakadhani naimba. Sijawahi kuomba kitu kwa moyo wote namna ile, hata Njeri alipokuwa mgonjwa utotoni.

Mungu akanijibu. Dennis alitoka na watu wake wote, wakavu, wanacheka, simu zao zimejaa picha za maji ya moto. Alinipungia mkono kwa heshima ya kejeli. Mimi nilicheka kwa furaha, na machozi yalinitoka, na hakuna aliyeelewa kwa nini.

Nilipanda mahali penye mtandao mzuri nikampigia Lemayian. Nilimwuliza yuko wapi.

"Niko Ndabibi na ng'ombe, mama," alijibu. "Nyasi ya huko iliisha. Huku inanyesha mbaya sana, mpaka ndama wanateleza."

Sasa ninyi mnaijua ardhi. Ndabibi iko magharibi ya Ziwa Naivasha. Mvua ya Ndabibi inaingia ziwani, haina habari na korongo letu hata tone. Nilimweleza hivyo. Nikasikia mvua yenyewe ikipiga mabati huko aliko.

"Lakini mama," alisema polepole, "tulisema nikiona mvua, niflash."

Alikuwa amehama na ng'ombe siku kadhaa, ametembea mpaka miguu ikavimba, amelala kwenye baridi, na ahadi yake ameibeba pamoja na fimbo. Ameona mvua, akatoa simu kwenye blanketi, akatimiza. Ningemlaumu kwa lipi? Nilimwambia amefanya vizuri sana. Nilimwambia hata akiwa Mombasa akiona mvua aflash, ila atume na neno kwamba yuko Mombasa. Alicheka, na Lemayian kucheka si jambo la kila siku.

Nikarudi kwa wageni. Hapa ndipo Njoroge angesema maji yalipita baada ya sisi kutoka, au serikali ilitangaza hatari. Uongo ulikuwepo wa kila aina, mzuri, wa bure. Niliwaambia yote kama yalivyokuwa: mchungaji alihama, mvua ilikuwa ya mahali pengine, korongo lilikuwa salama, na sisi tulitoka. Wale wazungu walicheka, mmoja akaniomba nirudie habari ya Lemayian. Brian alichukua baiskeli yake akaondoka mbele peke yake. Pete haikutoka kwenye soksi siku hiyo.

Sharon alibaki akitembea nami. "Mathe, si ungetudanganya tu?" aliniuliza. "Sasa ona vile amekasirika. Ungesema maji ilikuja, story iishe."

Nilimwambia, "Nikikudanganya leo, siku nyingine mtu akikuambia toka, utatoka?"

Aliniomba ngwaci nyingine.

Walirudi Nairobi. Siku chache baadaye nilipofika getini nilikuta vijana wote wamekusanyika kwenye simu ya Dennis, wakasimama kando nilipokaribia, na hapo nikajua ni mimi. Brian alikuwa ameandika kwenye ule mtandao ambako wageni hutupa nyota. Mimi nilipewa moja. Aliandika kwamba guide huyu ni mama mzuri lakini anaogopa wingu ambalo halipo, kwamba alikatiza safari kwa sababu ya mvua ya kata nyingine, kwamba aliharibu siku muhimu kuliko zote maishani mwake, na mtu asimchukue. Dennis alinisomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Tangu siku hiyo nikawa Mathe wa Wingu, na ninyi mliokuja baadaye mlilikuta jina hilo mkalipokea bila kuuliza limetoka wapi.

Dennis, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu, anajua kwamba sikumwekea kinyongo. Baadaye alikuja nyumbani, peke yake, akaniuliza kama Lemayian anaweza kumuweka na yeye kwenye simu yake. Sikumwambia, "Si nilikwambia?" Nilimpa namba, nikamweleza kwamba Lemayian anapenda majani ya chai mazito na si yale ya kwenye vijikaratasi.

Mnaniuliza siri ya kazi. Mtu akiokoa watu kwenye mafuriko, atapigwa picha, atapeana mkono na wakubwa. Lakini ukifanya kazi hii vizuri, siku zako nyingi hazitakuwa na cha kuonyesha. Utawatoa watu, na hakuna kitakachokuja. Watakudharau wakiwa wakavu. Mimi nimepeleka wageni korongoni miaka yote ile, na kila niliyemwingiza nilimtoa, na siwezi kumwonyesha mtu yeyote ni lini hasa nilimwokoa nani. Naringa kwa hilo. Naringa kanisani, naringa sokoni, naringa hata peke yangu kwenye ngazi za ploti.

Ile jioni ya nyota moja, Njeri alikasirika kuliko mimi. Alikuwa amekaa na simu yangu mezani, vidole viko tayari, akitaka tumjibu Brian maneno ya kuchoma, tumweleze korongo limekwisha kuua wangapi, tumuulize yeye ni nani wa kupima kazi ya watu. Nilimwambia hapana, andika ninavyosema. Akaandika, na jibu lenyewe lipo mpaka leo, yeyote anaweza kulisoma:

"Brian, asante kwa kuandika. Nimefurahi sana kujua kwamba mlifika nyumbani. Msalimie Sharon."